Bohemian Rhapsody: Kijana wa Zanzibar ambaye filamu ilimkuta London

Filamu ya Bohemian Rhapsody, iliyozinduliwa rasmi Wembley jijini London tarehe 23 Oktoba mwaka 2018, inasimulia maisha ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki ya Queen, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 na kufariki dunia London mwaka 1991.

Filamu hiyo ilikusanya zaidi ya dola za Marekani milioni 900 duniani kote, na mwezi Februari mwaka 2019 ilitwaa tuzo nne za Oscar, ikiwamo ya mwigizaji bora wa kiume, aliyopewa Rami Malek.

Hata hivyo, kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki filamu hii inaacha swali. Nusu ya kwanza ya ujana wa msanii huyo ilipita Unguja na India, na mapinduzi ya Zanzibar ndiyo yaliyoifikisha familia yake Uingereza. Mambo hayo yote yanaguswa kwa maneno machache tu, kisha hadithi inaendelea.

Filamu inasimulia nini

Baada ya kumwonyesha Mercury kwa kitambo kifupi akijiandaa kupanda jukwaani mwaka 1985, filamu inarudi nyuma hadi mwaka 1970. Tunamkuta kijana Farrokh Bulsara akipakua mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Heathrow, magharibi mwa London. Mfanyakazi mwenzake anamtukana kwa kumwita Mpakistani, naye anajibu kwamba yeye si mtu wa Pakistan.

Usiku anakwenda kusikiliza bendi ndogo ya wanafunzi. Mwimbaji wa bendi hiyo anapojitoa, Farrokh anajitokeza kuchukua nafasi yake. Kuanzia hapo filamu inafuata kupanda kwa Queen, mapenzi yake na Mary Austin, kugundua kwake kwamba anavutiwa pia na wanaume, upweke wa umaarufu, ugomvi na wenzake, na hatimaye tamasha la Live Aid katika uwanja wa Wembley.

Nyumbani kwao, baba mtu anaonekana akimkumbusha kijana wake wajibu wa kuwaza mema, kunena mema na kutenda mema. Hayo ndiyo mafundisho makuu ya dini ya Zoroasta, ambayo ni dini ya jamii ya Waparsi. Katika filamu, baba na mwana wanapatana siku ile ile ya tamasha.

Kutoka Mji Mkongwe hadi Feltham

Farrokh Bulsara alizaliwa tarehe 5 Septemba mwaka 1946 mjini Unguja. Wazazi wake, Bomi na Jer Bulsara, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, magharibi mwa India. Baba yake alikuwa mtunza fedha katika Mahakama Kuu chini ya utawala wa Waingereza, ambao wakati huo waliilinda himaya ya Sultani wa Zanzibar. Mdogo wake wa kike, Kashmira, alizaliwa mwaka 1952.

Akiwa na umri wa miaka minane hivi, mtoto huyo alipelekwa India katika shule ya bweni ya St Peter's iliyoko Panchgani, mji wa milimani kusini mashariki mwa Bombay, ambayo sasa inaitwa Mumbai. Huko ndiko alikojifunza piano, ndiko wenzake walikoanza kumwita Freddie, na ndiko alikounda na wanafunzi wenzake bendi yake ya kwanza, The Hectics, iliyopiga nyimbo za rokenroli zilizovuma wakati huo.

Alirejea Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati visiwa vikielekea uhuru katikati ya mvutano mkali wa vyama vya siasa. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Disemba mwaka 1963. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari mwaka 1964, mapinduzi yaliiangusha serikali na kumwondoa Sultani Jamshid bin Abdullah. Maelfu ya watu waliuawa, na wengine wengi, hasa wenye asili ya Kiarabu na Kiasia, wakaondoka.

Familia ya Bulsara ilikuwa miongoni mwa walioondoka. Mwaka huo huo wa 1964 ilihamia Feltham, kitongoji kilicho magharibi mwa London karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Freddie alikuwa na umri wa miaka 17. Sultani Jamshid naye alikimbilia Uingereza na kuishi kwa miongo kadhaa katika mji wa Portsmouth, kabla ya kuruhusiwa kuhamia Oman mwaka 2020, ambako alifariki mwaka 2024.

Kwa hiyo kijana anayeonekana Heathrow mwanzoni mwa filamu ni mtu ambaye amekwishavuka bahari zaidi ya mara moja, ameishi miaka mingi bila wazazi, na ameshuhudia dola ikianguka. Filamu inamtambulisha kama mwana wa wahamiaji mwenye meno yaliyochomoza na sauti ya ajabu. Nini kilichowahamisha wazazi wake, mtazamaji haelezwi kwa kina.

London ya miaka ile

Tusi la Heathrow halikuwa jambo geni katika London ya miaka hiyo. Mwaka 1962 Uingereza ilikuwa imepitisha sheria ya kudhibiti uhamiaji kutoka nchi za Jumuiya ya Madola. Mwaka 1968, Waasia wa Kenya walipoanza kuwasili kwa wingi wakiwa na pasipoti za Uingereza, sheria nyingine ilipitishwa kwa haraka ili kuwazuia. Mwezi Aprili mwaka huo mwanasiasa Enoch Powell alitoa hotuba yake mashuhuri dhidi ya wageni. Miaka minne baadaye, Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda, na takriban 28,000 kati yao wakapokewa Uingereza.

Wengi wa watu hao kutoka Afrika Mashariki waliweka makazi katika vitongoji vya magharibi mwa London, kama vile Southall na Hounslow, jirani na Feltham. Familia ya Bulsara ilikuwa imetangulia kwa miaka michache. Ilianza maisha upya katika nyumba ya kawaida ya Gladstone Avenue, mbali na hadhi ya mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyekuwa nayo Bomi Bulsara huko Unguja.

Freddie alisoma kwanza katika chuo cha Isleworth, kisha akaingia Chuo cha Sanaa cha Ealing, alikohitimu usanifu wa michoro mwaka 1969. Elimu hiyo haikupotea bure. Yeye ndiye aliyebuni nembo ya Queen, yenye alama za nyota za falaki za wanabendi wote wanne. Kwa muda alifanya kazi Heathrow, na pia aliuza nguo za mitumba katika soko la Kensington pamoja na mpiga dramu Roger Taylor.

Mpiga gitaa Brian May, aliyekuwa akisomea fizikia katika chuo cha Imperial, alikulia Feltham pia, umbali mfupi kutoka kwa akina Bulsara. Vijana hao walikuwa majirani kwa miaka kadhaa kabla ya kufahamiana.

Queen ilianza mwaka 1970, na mwaka uliofuata mpiga besi John Deacon akakamilisha idadi. Ni katika kipindi hicho Farrokh Bulsara alipochukua jina la Mercury. Albamu ya kwanza ilitoka mwaka 1973.

Wimbo uliobeba jina la filamu ulitolewa mwishoni mwa Oktoba mwaka 1975. Unakaribia dakika sita, na wenye kampuni ya muziki waliona ni mrefu mno kwa redio. Ulikaa wiki tisa mfululizo katika nafasi ya kwanza nchini Uingereza. Ndani yake limo neno la Kiarabu ambalo kila mtoto wa pwani hufundishwa kulitamka kabla ya kuanza jambo lolote. Mercury hakukubali kueleza maana ya wimbo huo, na wasikilizaji wameachwa wakisie wenyewe.

Filamu ilivyopatikana

Safari ya kuitengeneza filamu yenyewe ilikuwa ndefu. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba mchekeshaji Sacha Baron Cohen angeigiza kama Mercury, lakini alijitoa mwaka 2013 baada ya kutoelewana na upande wa Queen kuhusu namna ya kuisimulia hadithi. Brian May na Roger Taylor walishiriki kwa karibu katika uandaaji wa filamu, na wakosoaji wengine wanasema hiyo ndiyo sababu bendi inaonekana ndani yake kuwa na busara na subira kuliko mwimbaji wake.

Rami Malek alichaguliwa mwaka 2016. Alizaliwa Los Angeles na wazazi wahamiaji kutoka Misri, wa jamii ya Wakopti. Alivaa meno ya bandia ili kufanana na Mercury, ambaye alikuwa na meno manne ya ziada, na ambaye inaelezwa kuwa alikataa kuyang'oa akihofia kuharibu sauti yake. Sauti ya kuimba inayosikika katika filamu ni mchanganyiko wa rekodi za Mercury mwenyewe, sauti ya Malek, na ya mwimbaji Marc Martel wa Canada.

Mwongozaji Bryan Singer aliachishwa kazi mwezi Disemba mwaka 2017 kabla ya upigaji picha kukamilika, na Dexter Fletcher ndiye aliyeimalizia kazi hiyo. Uwanja wa zamani wa Wembley ulikuwa umekwishabomolewa, hivyo jukwaa la Live Aid lilijengwa upya katika uwanja wa ndege wa zamani wa Bovingdon, kaskazini magharibi mwa London.

Akipokea tuzo yake ya Oscar, Malek alisema kuwa watu wametengeneza filamu kuhusu mwanamume mpenzi wa jinsia moja na mhamiaji, aliyeishi bila kuona haya kwa jinsi alivyokuwa. Alikumbusha pia kwamba yeye mwenyewe ni mtoto wa wahamiaji.

Ukweli na utunzi

Filamu za wasifu huwa na desturi ya kubana miaka ili hadithi iende kwa mtiririko mmoja, na Bohemian Rhapsody haikuacha desturi hiyo. Mercury hakukutana na wenzake kwa bahati usiku mmoja. Tim Staffell, mwimbaji aliyejitoa, alikuwa mwanafunzi mwenzake wa Ealing, na Mercury aliijua bendi yao kwa muda kabla ya kujiunga nayo. Wimbo wa We Will Rock You, ambao filamu inaonyesha ukibuniwa mwaka 1980, ulitoka mwaka 1977.

Kosa kubwa zaidi ni lile la kuvunjika kwa bendi. Filamu inaonyesha Mercury akiwaacha wenzake ili atoe albamu zake binafsi, kisha akirudi kuwaomba radhi kabla ya Live Aid. Ukweli ni kwamba Roger Taylor ndiye aliyetangulia kutoa albamu yake mwenyewe, mwaka 1981. Queen ilitoa albamu ya pamoja mwaka 1984, ikatumbuiza katika tamasha la Rock in Rio nchini Brazil mwezi Januari mwaka 1985, na ilikuwa katika ziara ya Japan miezi miwili tu kabla ya Live Aid.

Vilevile filamu inamwonyesha Mercury akiwaeleza wenzake kwamba ana ukimwi kabla ya tamasha hilo. Jim Hutton, mwenzi wake hadi mwisho wa maisha, alieleza kuwa Mercury alipata majibu ya daktari mwaka 1987. Tofauti ya miaka hiyo miwili ina uzito wake. Kwa kuyahamisha majibu hayo, filamu imeugeuza ugonjwa kuwa kama adhabu inayofuata siku za anasa, na tamasha kuwa toba. Wapo wakosoaji walioona kuwa hilo halikuwa haki kwa marehemu.

Sun City na Ethiopia

Kuna jambo jingine ambalo filamu haikuligusa kabisa, nalo linaihusu Afrika moja kwa moja.

Mwezi Oktoba mwaka 1984 Queen ilifanya maonyesho kadhaa katika ukumbi wa Sun City, uliokuwa Bophuthatswana, moja ya maeneo ambayo serikali ya makaburu wa Afrika Kusini iliyaita nchi huru. Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii duniani wasusie kutumbuiza huko. Bendi ilijitetea kwa kusema kwamba haijihusishi na siasa na kwamba ilipiga muziki kwa yeyote aliyetaka kuusikiliza. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliitoza faini, na jina lake likaingizwa katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya wasanii waliovunja mgomo huo.

Wakati huo Tanzania, ambayo Zanzibar ni sehemu yake, ilikuwa ikiwahifadhi wapigania uhuru wa Afrika Kusini katika kambi za Mazimbu na Dakawa mkoani Morogoro.

Miezi tisa baada ya Sun City, tarehe 13 Julai mwaka 1985, Queen ilipanda jukwaani Wembley mbele ya watu takriban 72,000. Live Aid iliandaliwa kuchangia waathirika wa njaa nchini Ethiopia, na ilirushwa na televisheni katika nchi nyingi duniani. Queen ilipewa dakika ishirini hivi, na wengi wanayahesabu maonyesho hayo kuwa bora kuliko yote yaliyowahi kufanywa na bendi ya roki. Filamu inayarudia kwa sehemu kubwa, na ndicho kilele chake.

Hivyo Afrika inaingia katika filamu hii hasa kama bara la njaa linalochangiwa fedha kutoka London. Afrika iliyomzaa mwimbaji, na Afrika iliyoilaumu bendi yake, hazipati nafasi. Historia ya kweli ilikuwa na uzito zaidi: mtu aliyesimama jukwaani akiiombea Afrika msaada alikuwa mzaliwa wa visiwa vyake, na wapo Waafrika waliokuwa bado na kinyongo naye.

Mwaka 2003 Brian May na Roger Taylor walitumbuiza mjini Cape Town katika tamasha la 46664 la Nelson Mandela, lililolenga kupambana na ukimwi barani Afrika. Nambari hiyo ilikuwa ile aliyopewa Mandela akiwa mfungwa katika kisiwa cha Robben.

Kifo na mazishi

Tarehe 23 Novemba mwaka 1991 Mercury alitoa taarifa kwa vyombo vya habari kuthibitisha kuwa ana ukimwi. Siku iliyofuata alifariki nyumbani kwake Kensington, London. Alikuwa na umri wa miaka 45.

Mazishi yake yaliongozwa kwa taratibu za dini ya Zoroasta, dini ya wazazi wake. Katika maisha yake alizungumzia kwa nadra sana asili yake mbele ya waandishi wa habari, lakini safari yake ya mwisho iliendeshwa kwa sala za Waparsi. Filamu haifiki huko. Inakoma Wembley mwaka 1985, na mengine yanaelezwa kwa maandishi machache mwishoni.

Mwezi Aprili mwaka 1992 wenzake waliandaa tamasha la kumkumbuka katika uwanja huo huo wa Wembley, na kutoka hapo ukaanzishwa mfuko wa Mercury Phoenix Trust, unaosaidia mapambano dhidi ya ukimwi katika nchi mbalimbali.

Zanzibar na mwanawe

Kwa Wazanzibari, jina la Freddie Mercury limekuwa na pande mbili. Watalii wengi wanaofika Mji Mkongwe huuliza alikozaliwa, na wenye biashara wamelitumia jina lake kwa miaka mingi. Lakini mwaka 2006, ilipopangwa sherehe ya kuadhimisha miaka 60 tangu kuzaliwa kwake, jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho iliipinga ikisema kuwa maisha yake yanakwenda kinyume na maadili ya visiwa hivyo, na sherehe hiyo ikafutwa. Miaka miwili kabla ya hapo, Zanzibar ilikuwa imepitisha sheria inayotoa adhabu ya kifungo kwa mapenzi ya jinsia moja.

Mwezi Novemba mwaka 2019, mwaka mmoja baada ya filamu kutoka, jumba la makumbusho la Freddie Mercury lilifunguliwa Shangani, Mji Mkongwe. Wageni huonyeshwa humo picha za utoto wake na historia ya familia yake visiwani.

London nayo imemkumbuka. Mwezi Septemba mwaka 2016 kibao cha buluu cha kumbukumbu kiliwekwa kwenye nyumba ya Gladstone Avenue huko Feltham, na Kashmira, mdogo wake, alihudhuria. Mama yao, Jer Bulsara, alifariki miezi miwili baadaye akiwa na umri wa miaka 94, bila kuiona filamu ambayo ndani yake yeye na marehemu mumewe wanaigizwa wakimwandalia mwana wao chakula mezani.

Bohemian Rhapsody imekwisha kuwafikia mamilioni ya vijana ambao hawakuwa wamezaliwa Mercury alipofariki. Anayeitazama Dar es Salaam, Mombasa au Muscat ataona muziki uleule anaouona mtazamaji wa London. Lakini pale baba anaponyamaza mezani, na mwana anapokataa kuitwa jina lake la kuzaliwa, mtazamaji wa Afrika Mashariki ana la kuongeza ambalo filamu haikulisema: kwamba jina lile lilitoka wapi, na ni mwaka gani uliowatoa wenyewe nyumbani kwao.